Urithi wetu wa chakula ni sinia

Asalam alaykum jamani, na shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Nimeitwa nizungumze juu ya urithi wa vyakula vya Unguja na pwani yetu, na najua wengi mnangoja nitaje pilau, biriani, urojo, pweza wa nazi, basi tumemaliza. Ila mimi naona urithi wetu mkubwa ni sinia lenyewe, yaani ule mkao wa watu wanne watano kwenye mkeka wanakula pamoja, na hilo ndo linatutoka mikononi huku mapishi bado tunayo.

Mapishi yamebadilika siku zote wala hayakutudhuru. Muhogo asili yake Amerika Kusini, Wareno ndo waliouvusha bahari, karafuu zimefika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na leo nani atakwambia futari ya muhogo wa nazi si ya kwetu? Lakini angalia kilichobaki. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Mogadishu mwaka 1331, akaandika alivyokaribishwa: wali wa samli kwenye chombo kikubwa cha mbao, juu yake kitoweo cha nyama na kuku na samaki na mboga, tena ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi, maembe. Sasa nenda kwenye shughuli ya watu wa pwani ambayo bado inatandika mkeka leo, wali chini, kitoweo juu, achari pembeni, karibu miaka 700 hiyo!

Na sinia lina adabu zake. Mnanawishwa kwa birika, mnasema bismillahi, kila mtu anakula mbele yake kwa mkono wa kulia, nyama inakaa katikati na haiguswi ovyo, yule mkubwa ndo anaichambua taratibu anamsukumia huyu kipande na yule kipande, na mara nyingi mtoto na mgeni wanapata kilicho kizuri yeye kabaki na mfupa. Wahudumu wanapita na nyongeza, wali huku mchuzi huku, mpaka mseme basi. Ukishiba kabla ya wenzako unachezea chezea tonge usinyanyuke, maana ukinyanyuka mgeni ataona haya atanyanyuka na njaa yake. Na jambo ambalo mimi linanigusa sana, pale kwenye sinia tajiri na mchukuzi wa bandarini wanakaa goti kwa goti, aliyekuja kwa sababu kwake hakukupikwa hajulikani, anakula anashiba anaondoka na heshima yake.

Siku hizi harusi nyingi bufee, watu foleni na sahani mkononi, au unapewa boksi la foili mlangoni unaenda kulila peke yako kwenye gari. Nawaelewa wenye shughuli, boksi linahesabika, mkeka na masinia vinataka nafasi na vijana wa kuhudumia, na kuna wanaoogopa maradhi, hilo nalo la kweli, lakini dawa yake ni sabuni na maji ya kutosha, na mwenye mafua akatiwe chake pembeni bila kuonewa.

Kwa hiyo ombi langu ni la kawaida kabisa. Ramadhani ikiingia, hata kama nyumba ina meza, tandikeni mkeka siku moja moja mfuturu sinia moja na watoto, muiteni na jirani, hata kama ni mgeni wa mtaa na hajui kutonga tonge. Na wale mabingwa wetu wanaopika masufuria ya shughuli kwa kuni, wanaojua kwa harufu tu kama bizari imeiva, wawekeni vijana karibu yao wajifunze sasa hivi wangali na nguvu.

Haya, naona mzee wangu pale kanyanyua mkono, mpeni kipaza sauti.