Tusiishie Mstari wa Nane

Bwana Yesu asifiwe!

Asanteni. Mmeniomba nizungumze juu ya kudumu katika imani wakati wa taabu, na najua wengi mnausubiri 2 Timotheo 4:7, maneno ya Mtume Paulo: "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda." Tunaukuta kwenye misalaba ya makaburini na kwenye ratiba za mazishi. Tunausoma, tunaunganisha na taji la haki la mstari wa nane, tunafunga Biblia. Leo naomba tusifunge.

Mstari wa tisa, mtu huyohuyo aliyemaliza mwendo anamwambia Timotheo afanye bidii aje upesi. Dema amemwacha. Luka peke yake ndiye aliyebaki. Kisha anaagiza joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Mnacheka, lakini hebu tazameni. Mtume amefungwa Rumi, anajua atakufa, na baridi inakaribia. Joho lile lilikuwa vazi zito la safari. Kwa kuwa Timotheo kwa kawaida tunamweka Efeso, njia ya kwenda Rumi kwa kupitia Makedonia ingempitisha Troa. Paulo amepiga hesabu ya safari. Anaongeza, mstari wa 21, "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Siku zile vyombo karibu vyote vilikaa bandarini majira ya baridi, tangu kama Novemba hadi Machi, kwa sababu ya dhoruba. Timotheo akichelewa, basi hadi bahari ifunguke tena, na Paulo hana hakika kama atakuwa hai.

(Najua wapo wanazuoni wanaobishana kama waraka huu ni wa mkono wa Paulo. Mimi nausoma kama Kanisa lilivyoupokea.)

Sasa, ndugu zangu, sisi tumezoeana vibaya. Mtu amefiwa, au amefukuzwa kazi, ukimuuliza habari anajibu, "Mimi ni mshindi, namshukuru Mungu," hata kama jana watoto wamelala njaa. Tumemfundisha kwamba akisema ana shida amekiri kushindwa. Paulo alisema. Tena alisema kwa majina: kwenye utetezi wake wa kwanza hakuna aliyesimama naye, wote walimwacha, na Iskanda mfua shaba alimwonyesha ubaya mwingi. Ndipo anasema, "Lakini Bwana alisimama pamoja nami." Vyote viwili viko ukurasa mmoja, wala kimoja hakimfuti mwenzake.

Halafu kuna Trofimo. Mhubiri akifika hapa hupita haraka, na namwelewa. "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Yaani mgonjwa. Matendo 19 inasema leso zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Na huyu, rafiki wa safari, akaachwa mgonjwa Mileto. Hatuambiwi kwamba Trofimo hakuwa na imani. Hatuambiwi sababu yoyote. Kwa hiyo anayemwendea mama mwenye saratani na kumwambia imani yake ndiyo pungufu, aanze kwanza na Paulo.

Marko tunamjua: aliwaacha njiani kule Pamfilia, na Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake. Sasa Paulo anasema aletwe, maana anamfaa. Wako watu mliowafuta kwenye daftari la jumuiya mapema mno.

Mtaniuliza: kudumu maana yake ni kubaki palepale? Angalieni Uganda, Februari 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum alipinga mauaji ya serikali ya Idi Amin, akaitwa na watawala, akaenda, akauawa tarehe 16. Siku chache baadaye Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe walivuka milima kwa miguu usiku, wakaingia Rwanda. Mmoja alikwenda alipoitwa, mwingine akakimbia, na sijaona popote kwenye Maandiko panaponiruhusu kumpima wa pili kwa wa kwanza. Paulo mwenyewe aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Kivengere alirudi Amin alipoanguka mwaka 1979, akaendelea na kazi ya uaskofu.

Kwa hiyo mama anayepigwa nyumbani, akichukua watoto akaondoka, msimsomee 4:7 kama hati ya mashtaka.

Namalizia na Onesiforo, sura ya kwanza. Hakuandika waraka wala hatuna hubiri lake. Alifika Rumi, akamtafuta Paulo kwa bidii mpaka akampata, na hakuuonea haya mnyororo wake. Kumtafuta mfungwa kungeweza kukuingiza matatani wewe mwenyewe. Alikwenda mara nyingi.

Wazee wa mitaa, mkitoka hapa naomba mbaki kidogo. Kila mmoja aje na majina ya watu walioacha kuonekana jumuiyani tangu Pasaka, na namba za simu mkiwa nazo. Tutagawana wa kutembelea wiki hii. Haya, maswali. Naona mkono wa mzee pale dirishani.