Bati Haling'oki kwa Kusukumwa

Ndugu mafundi, wanafunzi, na wazee mliokuja, shikamooni.

Nianze na bati lenyewe. Bati la geji 30 lina kilo tatu hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo anayesema "paa langu zito, upepo hauliwezi" amekosea hesabu kabla hajaianza.

Hesabu ya nguvu ya upepo ni hii. Chukua kasi ya upepo, mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Unapata neutoni kwa kila mita ya mraba. Hiyo 0.613 haikushuka mbinguni: ni nusu ya uzito wa hewa, kilo 1.226 katika mita moja ya ujazo. Upepo wa mita 35 kwa sekunde, yaani kilomita 126 kwa saa, unatoa 751. Na kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nne.

Wengi hudhani upepo unakandamiza paa. Paa lenye mwinamo mdogo linafyonzwa! Hewa ikigonga ukingo huachana na bati, hujikunja juu yake, na hapo mgandamizo hushuka. Ndiyo maana bati la kwanza kuondoka huwa la kona au la ukingoni. Viwango vya ujenzi vinatoa vizidisho, yaani namba za kuzidishia nguvu ya upepo, tofauti kwa kona, ukingo na katikati. Anayetumia kimoja kwa paa zima anajidanganya.

Tuseme kizidisho cha ukingoni ni 1.4. Ongeza 0.2 ya hewa inayosukuma kutoka ndani. Jumla 1.6, mara 751: kama neutoni 1,200 kwa kila mita ya mraba. Papi, mbao zinazopigiliwa bati, zikiachana sentimita 90 na misumari sentimita 30, kila msumari unavutwa kwa neutoni 324, kama kuning'iniza kilo 33. Sasa dirisha la upande wa upepo lipasuke. Nyumba inajaa hewa kama puto, ile 0.2 inakuwa 0.7, na msumari uleule unadaiwa kilo 43.

Niliwahi kuitwa kutazama darasa lililoezuliwa. Mabati yalikuwa yameshika papi, papi zimeshika kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Paa zima lilikuwa shambani, limepinduka kama mtumbwi. Kenchi zilikuwa zimefungwa ukutani kwa misumari miwili ya mshazari tu. Fundi wa mabati, kwa kweli, alikuwa amefanya kazi nzuri. Kani ile haiishii kwenye bati: inapita papi, kenchi, mkanda wa zege, hadi ukuta uwe mzito wa kuishikilia.

Najua mtaniambia huku hakuna vimbunga. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, na Mafia wameonja kimbunga Hidaya Mei 2024.

Haya, fungueni madaftari. Baraza halina ukuta, na hewa inalipiga paa kutoka chini. Ile 0.2 tuliyoitumia, mtaiacha palepale?