Jinsi ya Kujifunza Nahau za Kiingereza na Vitenzi Vinavyoandamana na Vijineno

Karibu, mtazamaji. Kabla hatujaanza, tafuta daftari, la kurasa 200 likiwezekana, pamoja na kalamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu, kwa kuwa somo hili linahitaji mkono zaidi ya macho. Tutashughulikia sehemu ya Kiingereza inayowatatiza hata watu waliokisoma tangu darasa la kwanza hapa Nairobi, yaani nahau, msamiati wa juu, na hasa vile vitenzi vinavyoandamana na kijineno kama "up", "off" au "out", ambavyo huwezi kuvielewa kwa kujua maana ya kila neno peke yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza uzito wa vijineno hivi kazini. Msimamizi wangu katika ofisi moja ya hapa mjini aliniambia Ijumaa jioni, "Fill in for the receptionist on Monday." Nilijua kwamba "fill in" ni kujaza fomu, kwa hiyo Jumatatu nikakaa mezani pangu nikisubiri kuletewa fomu, na meza ya mapokezi ikabaki bila mtu hadi saa nne. Nilikuwa nimeambiwa nishike nafasi ya mwenzangu. Tofauti yote ilikuwa katika neno "for".

Hatua ya kwanza ni kuanzia pale unapopajua. Andika "piga" juu ya ukurasa, kisha orodhesha: piga simu, piga pasi, piga hodi, piga mswaki, piga moyo konde. Hukuwahi kukalishwa ukakaririshwa maneno hayo. Uliyasikia kila moja mahali pake, likiwa zima. Katika Kiswahili, nomino inayoifuata "piga" ndiyo inayogeuza maana, na katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa na kijineno kinachofuata "put", "get" au "take". Ukilishika hilo, utaacha kuviona vitenzi hivi kama fumbo la wageni.

Hatua ya pili, gawa daftari lako kwa vijineno, wala si kwa vitenzi. Ukiweka pamoja "get up", "get off", "get over" na "get by", vinafanana mno na vitakuchanganya. Fungua badala yake ukurasa wa "up", uandike "eat up", "drink up" na "use up". Tazama mfano huu kwenye skrini: "We have used up the paraffin." Mafuta ya taa yametumika hadi yakaisha, hapo "up" imebeba maana ya kumaliza kabisa. Kwenye ukurasa wa "off" weka "set off", "get off" na "call off", ambamo mara nyingi utaona maana ya kuondoka, kuachana au kukatiza. Viko vitakavyokataa kuingia katika kundi lolote, kama "put up with", yaani kuvumilia. Hivyo vitengee kurasa za mwisho, na usipoteze muda kuvitafutia kanuni.

Sasa tufike kwenye hatua ambayo wengi huiruka, nami naomba uikalie muda mrefu kuliko nyingine. Usiandike kitenzi kikiwa peke yake. Kiandike ndani ya sentensi yenye kiwakilishi "it", na hiyo "it" uiandike kwa wino mwekundu. Utaandika "Turn it down", kwani "turn down it" ni kosa; lakini utaandika "Look after it", kwani "look it after" nayo ni kosa. Ukitumia nomino kamili katika mfano wa kwanza una uhuru, na "turn down the radio" na "turn the radio down" zote ni sahihi. Katika vitenzi vya aina hiyo, kiwakilishi ndicho kinacholazimika kukaa katikati. Simamisha video hapa, uzisome sentensi hizo kwa sauti mara tatu.

Sikiliza pia namna tunavyosema hapa kwetu. Ndani ya matatu utamsikia mtu akisema kwenye simu, "I will pick you at Kencom," ilhali Mwingereza angesema "pick you up". Kwa upande mwingine sisi husema "cope up with", mahali ambapo yeye husema "cope with" tu. Hapa Nairobi tunaelewana vizuri kabisa, na sioni sababu ya mtu kuonea haya Kiingereza cha nyumbani kwake. Hata hivyo, ukifanya mtihani wa kimataifa, kijineno hicho kimoja kitahesabiwa.

Katika nahau, usitafsiri neno kwa neno. Tafuta mwenzake wa Kiswahili, na uangalie wanalingana adabu. "Spill the beans" ni kutoboa siri. "Kick the bucket" inakaa pamoja na "kukata kamba", na "pass away" inakaa pamoja na "kuaga dunia". Ukiandika barua ya rambirambi, unajua ni jozi ipi isiyoweza kutumika mbele ya wafiwa.

Adabu hiyohiyo ndiyo inayotufikisha kwenye msamiati wa juu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa, na mengine yakatoka Kilatini. Ndiyo maana katika mazungumzo mkutano ni "put off" na katika barua rasmi ni "postponed". Andika jozi hizo mkabala. Maneno marefu yajifunze kwa mizizi yake: kama vile kitabu, katibu na maktaba yanavyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu kuandika, ndivyo "describe", "prescribe" na "manuscript" yanavyotoka katika mzizi wa Kilatini wenye maana hiyohiyo.

Kuhusu kurudia, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 matokeo yaliyoonyesha kwamba tunasahau upesi mwanzoni, kisha polepole. Basi fungua ukurasa uleule kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukifunika sentensi kwa kiganja na kuisema kabla ya kuitazama. Sentensi mpya zichote magazetini. Ukikosa pesa ya gazeti, ingia maktaba ya McMillan, iliyoko Banda Street tangu 1931.

Usiku huu anza na ukurasa wa "off" pekee. Andika sentensi tatu za kweli kuhusu siku yako: uliondoka nyumbani saa ngapi, ulishuka matatu steji gani, na ni shughuli gani iliyofutwa.