Kutoka Swali Hadi Rasimu ya Mwisho: Kuandika Makala ya Utafiti kwa Mfano wa Mpango wa Karanga

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika, na wakubwa walioketi nyuma shikamooni.

Muhula huu kila mmoja wenu ataandika makala ya utafiti ya maneno 6,000 kwa wiki 12. Ili tusizungumze hewani nitashika mfano mmoja: Mpango wa Karanga wa Tanganyika, mradi wa kulima karanga kwa mashine katika mashamba makubwa, ambao serikali ya Uingereza iliutangaza Novemba 1946 na kuuacha Januari 1951. Nimeuchagua kwa sababu ushahidi wake ni mwingi mno, na wingi wa ushahidi huwazamisha waandishi wachanga kuliko uhaba.

Ninachotaka mwondoke nacho ni kwamba makala haiharibikii siku ya kuandika. Huharibika wiki kadhaa nyuma, kwenye madondoo, yaani yale unayoyaandika pembeni unaposoma. Mwanafunzi amesoma kweli na amejaza daftari mbili, lakini anapoketi kuandika hajui sentensi ipi ni ya mwandishi wa kitabu na ipi ni yake mwenyewe, imetoka ukurasa gani, wala alitaka kuthibitisha nini kwayo. Anaanza kusoma upya, na wiki ya kumi imeshafika.

Kwa hiyo tupige hesabu kuanzia mwisho. Maneno 6,000, kwa aya za maneno 150 hadi 200, ni kama aya 35. Kila aya ibebe hoja moja. Hoja moja inataka walau madondoo mawili au matatu ya kuisimamisha, basi mnahitaji madondoo mazuri kama 100. Kusanyeni 150, kwa kuwa theluthi moja itaachwa nje. Wiki mbili za kwanza ziwe za swali, wiki nne za kusoma na kudondoa, wiki tatu za rasimu ya kwanza, tatu zilizobaki za kusahihisha. Wengi huipa hatua ya mwisho siku tatu. Ndiyo maana makala nyingi zinazokabidhiwa ni rasimu za kwanza zenye jalada zuri.

Sasa swali. “Mpango wa Karanga” ni mada, si swali. Hata “Kwa nini Mpango wa Karanga ulishindikana?” bado ni pana, maana jibu lake lina udongo, mvua, matrekta, bandari, reli, vibarua na pupa ya wakubwa wa London, na kila kimoja kinastahili makala yake. Mpango wenyewe ulikusudia kufyeka ekari 3,210,000, yaani kama hektari milioni 1.3, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa miaka sita. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana Kongwa, mkoani Dodoma, mpango ulipoanzia, ni kama 7,500. Pengo hilo tayari linatupa swali la kushikika: je, katika msimu huo wa kwanza pale Kongwa, uchakavu wa mashine na kuchelewa kwa vipuri vilipunguza ekari kwa kiasi gani, tukilinganisha na ugumu wa pori na ardhi yenyewe?

Angalieni swali hilo lilivyojengwa. Lina mahali pamoja, lina msimu mmoja, na linapima sababu mbili zikiwa pamoja. Tena jibu lake linaweza kwenda kinyume na ulivyodhani. Jiulizeni kila mara: nikikuta ushahidi gani nitakiri kwamba nilidhani vibaya? Usipoweza kuutaja, ulichonacho ni imani, na hakuna faili litakalokubadilisha mawazo. Liandikeni swali juu ya kipande cha karatasi na mlibandike pale mnaposomea. Litabadilika mara mbili au tatu katika wiki zile za mwanzo, na hiyo ni dalili njema. Likibadilika wiki ya nane, rudini kwa msimamizi kabla ya kuendelea.

Vibali vishughulikiwe siku ileile mnapoanza kufikiria swali. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nendeni na barua ya utambulisho ya chuo. Mkitaka kuhoji watu vijijini, barua inashuka ngazi kwa ngazi: chuo, katibu tawala wa mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, kisha kijiji. Kila ngazi ina muhuri wake na siku zake. Wenzetu wanaofanya utafiti Kenya wataanzia NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti huko. Karatasi hizi zikichelewa, anzeni na vilivyo wazi. Mijadala ya Bunge la Uingereza ya miaka hiyo inasomeka bure kwenye intaneti, na humo mtamkuta John Strachey, Waziri wa Chakula, akiutetea mpango kwa takwimu. Majalada ya Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika, mfululizo wa CO 691, yako kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London.

Lakini msije mkaridhika na sauti za maofisa peke yao. Gazeti la serikali la Mambo Leo lilitoka kwa Kiswahili tangu 1923, na Kwetu, gazeti la Erica Fiah, lilichapishwa Dar es Salaam kuanzia 1937 hadi 1951. Makala ya Kiswahili kuhusu Kongwa isiyogusa gazeti hata moja la Kiswahili la wakati ule ina kilema, hata kama kila tanbihi iko mahali pake.

Tufike kwenye dondoo lenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Dondoo moja, kadi moja. Iwe kadi ya karatasi au ukurasa katika programu ya kutunza marejeleo kama Zotero, sheria haibadiliki. Juu kabisa andikeni chanzo: mwandishi, kichwa, mwaka, ukurasa. Kikiwa ni jalada la nyaraka, andikeni hifadhi, namba ya jalada, namba ya karatasi ndani yake, tarehe ya barua, nani kamwandikia nani. Chini yake weka maudhui, na uyatofautishe kwa alama moja usiyoibadilisha: maneno ya mwandishi yaleyale yakae ndani ya alama za kunukuu, muhtasari wako usiwe nazo, na wazo lako mwenyewe litanguliwe na herufi za mwanzo za jina lako. Mwisho andika sentensi moja inayosema dondoo hili linasaidia nini katika swali. Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, dondoo halihitajiki, liache.

Alama za kunukuu ndizo zinazosahaulika zaidi, na matokeo yake ni makubwa. Wizi wa kitaaluma mara nyingi hautokani na nia mbaya: mtu alinakili sentensi bila alama, baada ya mwezi akaikuta kwenye daftari lake, akaidhani ni yake. Hakuna kamati itakayoweza kutofautisha hilo na wizi wa kukusudia.

Mkiruhusiwa kupiga picha, anzeni na jalada la nje, namba ikionekana, ndipo mpige kurasa kwa mfuatano. Ukifunga faili moja na kufungua jingine, piga tena picha ya jalada la nje. Picha 400 zisizo na picha za majalada ya nje kati yake ni hasara tupu, kwa sababu barua isiyojulikana ilipotoka haiwezi kutajwa kwenye tanbihi. Jioni ileile zipeni picha majina yanayoanza na mwaka, mwezi na siku ya barua, zitajipanga zenyewe kwa wakati. Wekeni nakala mahali patatu, mojawapo nje ya nyumba mnayolala. Ndani ya chumba cha kusomea tumieni penseli, kalamu ya wino ibaki nje.

Vyanzo vitagongana. Mtakuta sehemu moja hasara ya mpango ni pauni milioni 36, kwingine milioni 49. Msichukue inayopendeza, wala msitafute wastani. Kila kadi ya takwimu ieleze kinachohesabiwa: ni deni ambalo serikali ililifuta, ni fedha zote zilizotumika, ni hadi mwaka gani? Vivyo hivyo kwa ekari. Ekari iliyofyekwa si iliyolimwa, iliyolimwa si iliyopandwa, na iliyopandwa si iliyovunwa. Ripoti za wakati ule huruka kutoka neno moja hadi jingine, na anayezichanganya atapata ongezeko au anguko ambalo halikutokea. Tunzeni kipimo cha asili na kando yake muweke hektari (ekari moja ni hektari 0.405), lakini msigeuze ndani ya nukuu.

Mahojiano nayo yana hesabu yake. Saa moja ya kinasa sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, kwa hiyo wazee wanane wa saa moja moja ni wiki nzima ya kazi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1948 leo anakaribia 100, basi mengi mtakayosikia Kongwa ni kumbukumbu zilizorithiwa kutoka kwa wazazi. Zina thamani kubwa, ila zinajibu swali jingine: watu wanaukumbukaje mpango. Kwenye kadi onyesheni kama mzee aliona mwenyewe au alisimuliwa. Kama mazungumzo ni ya Kigogo, hifadhini maneno ya Kigogo, halafu tafsiri, na jina la mfasiri kwa ridhaa yake. Ridhaa ya mhojiwa ichukuliwe kabla kinasa hakijawashwa.

Kadi zikifika 80 hivi, zitandazeni mezani. Zile zinazosemeshana ziwekwe rundo moja, na kila rundo lipewe sentensi kamili, yenye kitenzi. “Matrekta” si kichwa cha rundo. “Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita na yaliharibika haraka kuliko vipuri vilivyofika” ni kichwa, maana kinaweza kupingwa. Panga sentensi hizo kwa utaratibu wa hoja na dira ya makala imepatikana. Rundo lenye kadi moja tu linakuambia pa kurudi kusoma, na mara nyingine linakuambia kitu cha kutupa.

Rasimu ya kwanza haianzi na utangulizi. Anzeni na rundo nene kuliko yote. Maneno 400 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanamaliza kazi kwa wiki tatu. Tanbihi iwekwe papo hapo, hata kwa ufupi. Pasipo uhakika wekeni herufi XX, kisha endeleeni, mtazitafuta baadaye kwa kompyuta. Nukuu za Kiingereza tafsirini wenyewe, mseme kwamba tafsiri ni yenu, na maneno ya asili yabaki kwenye kadi. Faili la kila siku libebe tarehe katika jina lake. Utangulizi andikeni mwisho, mkishajua mmesema nini.

Rasimu ikilala siku tatu, chukueni nakala iliyochapwa na pembeni mwa kila aya mwandike kwa maneno yasiyozidi kumi aya hiyo inadai nini. Kisha someni pembezoni peke yake. Aya mbili zenye dai moja ziunganishwe, yenye madai mawili ikatwe, na ile iliyokushinda kuielezea ifutwe. Hii ndiyo kazi ngumu, na ndipo makala inapopata umbo. Kusahihisha herufi kabla ya hapa ni kupoteza muda, kwani mnanyoosha sentensi zitakazofutwa.

Wiki ya mwisho ni ya kuhakiki. Mmoja ashike rasimu, mwenzake ashike picha na kadi, wapitie kila nukuu, kila tarakimu, kila jina na kila namba ya jalada, neno kwa neno. Someni kwa sauti. Mahali ulimi unapokwama, sentensi ina tatizo. Linganisheni tanbihi na orodha ya marejeleo kwa pande zote mbili, kwa sababu kitabu kilichotajwa ndani na kukosekana nyuma huonekana na mtahini dakika ya kwanza. XX iliyobaki bila jibu kufikia siku mbili kabla ya kukabidhi, ondoeni sentensi yake yote, na mwangalie kama aya bado inasimama bila hiyo.