Wajumbe ni watu wazuri sana, mbaya nilikuwa mimi

Mbukwenyi!

Haya, mlioitika ni wachache, kwaiyo nimeshajua wangapi humu ni wa Dodoma na wangapi mmeletwa Dodoma na wizara. Karibuni wote.

Nimeambiwa niongelee mgombea mpya anayetaka kumtoa mbunge aliyepo kwenye kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, dakika arobaini, na huyu kijana wa mbele ameshaanza kuniangalizia saa hata maji sijanywa. Wanaonijua wanajua nitakachosema, nimeshakisema kwenye semina, kwenye vikoba, mpaka kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani nilipewa maiki nikakisema. Leo nakisema tena mana naona fomu zikitoka mnarudia makosa yaleyale.

Kuna ule msemo wa 2020 baada ya wajumbe wa CCM kupiga kura za maoni, wajumbe sio watu wazuri. Nchi nzima tulicheka. Mtu kaahidiwa kura themanini, anapata nne, anatoka ukumbini tai iko mfukoni. Mwaka ule kura zilihesabiwa hadharani, unakaa pale unasikiliza jina lako likisomwa, au lisiposomwa. Na mimi nilikuwemo. Jimbo silitaji, ni hukuhuku kanda ya kati. Nilipata saba. Walioniapia kwa Mungu kwenye simu walikuwa sitini na mbili, niliwaandika kwenye daftari, na daftari ninalo mpaka leo. Na msije mkasema moja kati ya zile saba nilijipigia, mimi hata mjumbe sikuwa.

Sasa mimi nasema wajumbe ni watu wazuri sana, ila wana kumbukumbu.

Miezi miwili kabla ya fomu nilienda kijiji alichozaliwa baba yangu. Nimekodi Noah, nyuma nimepakia sukari ya kusalimia wazee (msinikazie macho, hiyo sukari tutaifikia). Nikaelekezwa kwa mama mmoja mjumbe, mtu wa UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, watu wanamsikiliza. Nimemkuta uani kwake anapepeta uwele, akanipa kigoda nikae, yeye akaendelea kupepeta. Nikajieleza. Digrii zangu, Dar nimefanya kazi miaka kumi na moja, visima, zahanati, bei ya alizeti, yaani nilimwaga sera zote pale uani kwa mtu mmoja na kuku wake. Yeye anarusha uwele, anapuliza makapi, anarusha. Nilipomaliza akaniuliza, "Wewe si ndio ulikuja kwenye msiba wa baba yako mdogo?"

Nikafurahi! Nikasema moyoni hapa nimeshapata kura, ananikumbuka. Ndio mama, ndo mimi mwenyewe.

"Uliondoka saa ngapi?"

Jamani. Tulizika saa tisa alasiri, saa kumi na moja mimi niko kwenye gari narudi mjini, kesho yake nilikuwa na kikao Dar. Matanga sikulala. Arobaini nilituma hela kwa simu, na ya kutolea nikaweka, nikajiona nimefanya la maana. Yule mama wala hakukasirika, akasema huku anageuza ungo, "Mbunge wetu kisima hajaleta, hilo tunalijua. Lakini siku ile alikaa kwenye mkeka mpaka wanaume wakaanza kusinzia, akala mlenda wetu, na asubuhi akarudi kuuliza sanda imeshalipwa?" Afu akaniletea karanga kwenye kikombe cha plastiki, akanishukuru kwa sukari, akanisindikiza mpaka kwenye gari. Na mimi nikafungua daftari nikamuandika jina, nikamuwekea alama ya vema. Ya vema! Mtu ameniambia hapana kwa adabu zote za Kigogo, mimi namhesabu kwenye zangu.

Nikisimulia hivi lazima ainuke kijana mmoja, mara nyingi amekaa karibu na feni, anasema dada kwaiyo tunatafuta mtunga sheria au mzikaji? Swali zuri, na ni la mtu ambaye hajawahi kuomba kura. Nikujibu. Huyu mama cheti chako hawezi kukihakiki. Bungeni hajawahi kukuona. Kisima alishaahidiwa na kila aliyesimama mbele yake tangu hajaolewa, kwaiyo cha kwako ni kisima cha sita au cha saba cha mdomoni. Kitu kimoja tu anaweza kukipima kwa macho yake, ukiitwa unakuja? Na ukija unakaa? Hicho ndicho alinipimia, na alinipimia miaka minne kabla mimi sijajua kama nitagombea. Wewe unafika na flana ina picha yako unadhani mtihani ndo unaanza, wenzio walishasahihisha.

Tena kwangu kulikuwa na la nyongeza. Mtoto wa kike, umeolewa Iringa, wa kwenu ni Iringa, au nenda viti maalumu. Hilo nalo niliambiwa na wanaume wazima, mmoja ni binamu yangu kabisa. Sitaki kulifungua leo mana nikilifungua hatutoki humu, ila wanawake mliokaa huku kushoto tukutane nje.

Naomba msiondoke na mawazo kwamba aliyepo hang'oki. Anang'oka. Wazee wetu enzi za chama kimoja walikuwa na alama za jembe na nyumba, wagombea wawili jimboni wote wa TANU, na kwenye ule wa kwanza kabisa, 1965, Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha na akaanguka. Na ya nini kwenda mbali, hapo Mtera 2010, Mzee Malecela, amekuwa Waziri Mkuu, amekuwa makamu mwenyekiti wa CCM, Livingstone Lusinde akamshinda kwenye kura za maoni. Mbuyu ule! Kila mtu ana maelezo yake kwanini, mimi siyaingilii, ila mjue 2010 walipiga wanachama wote wenye kadi. 2015 hivyohivyo. 2020 ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, watu mia kadhaa wanaenea ukumbi mmoja. 2025 wakaongezwa mpaka kule kwenye matawi, wakawa maelfu, ndo wakapiga ile tarehe 4 Agosti. Kwaiyo unaponiambia "nakubalika jimboni" mimi nakuuliza unakubalika na nani? Mana wanaokushangilia stendi wengine hata kadi hawana.

Kuna mmoja kila mwaka ananiletea Marekani. Yule dada wa New York, Ocasio-Cortez, alikuwa anahudumu baa, 2018 akamtoa Joe Crowley aliyekaa bungeni tangu 1999, kwenye kura za ndani ya chama chao. Kweli, hongera kwake. Lakini jimbo lina watu kama laki saba, waliopiga kura siku ile hawakufika elfu thelathini. Alijua ni milango ipi ya kugonga. Hayo ni yaleyale ya yule mama na ungo wake, tofauti kule hawapepeti uwele.

Eeh nimeona, dakika tano. Haya, sukari.

Sukari ni rushwa, tusizunguke. Zamani tulikuwa na neno zuri la kuifunika, takrima, likaingizwa hadi kwenye sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaja kulifuta 2006. Afu ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi 2010 na hiyo inakufuata mpaka ndani ya chama, kwenye kura za maoni, sio kampeni kubwa peke yake. Kwaiyo nilivyofanya mimi ilikuwa kosa na ilikuwa ujinga pia, mana mjumbe anapokea ya kwako, ya mbunge na ya yule wa tatu, chai anakunywa, na kura anapiga kwa kumbukumbu zake. Watu wa TAKUKURU wangenikuta na ile Noah leo nisingekuwa nawahutubia.

Wapambe. Mpambe wa kwanza atakayekuja kukwambia "mheshimiwa jimbo lako" hata fomu hujachukua, huyo ndo anakula hela ya mafuta. Wangu alikula na ya tairi. Tunaendelea.

Vikao. Kuongoza kura za maoni sio kuteuliwa, naona bado kuna watu wanachinja mbuzi usiku wa matokeo. 2020 walianza wajumbe, vikao vya juu vikafuata na kuamua. 2025 vikao vikachuja majina kwanza, wengine wabunge kabisa, wakaishia hapo hata mjumbe mmoja hawajamuona. Nilitaka niwape mfano wa... haya basi, naacha. Na lile la fomu, shilingi laki tano kwa ubunge 2025, elfu hamsini udiwani, mjiulize wenyewe kwanini nawaambia kila siku anzeni na udiwani. Hamtaki. Wote mnataka V8.

Nani ana swali fupi? Fupi, mana mimi saa nane napanda basi. Yule mama wa uwele alinipigia juzi usiku, mumewe ametangulia. Nimeshaomba ruhusa kazini mpaka Jumatano, na safari hii siendi na daftari.