Ukisaini ritani ya pamoja umesaini na ya mwenzio

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Nimepewa dakika kumi kabla sufuria la pilau halijafunguliwa kwa hiyo ntaenda mbio, na yule mtoto mwenye maiki ya pili mama yake amchukue jamani.

Leo ni hii ya mume na mke kufaili kodi pamoja hapa Marekani, yaani kujaza ritani moja, ile fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka. Nyumbani wengi hatukuzoea, Bongo ukiwa mwajiriwa tu PAYE, kodi ya mshahara, inakatwa juu kwa juu unapokea kilichobaki, Kenya kila mtu anafaili kwa PIN yake, namba ya kodi, mwisho tarehe 30 Juni, hakuna anayekuuliza mkeo kapata ngapi. Hapa ukichagua jointi ni fomu moja ya 1040, majina mawili, mapato yenu yote kapu moja.

Faida ipo, msidanganyane. Chukua baba anapanga maboksi weahausi, mwaka 2024 kaingiza dola 48,000, mama yuko nyumbani na watoto. Wakifaili pamoja dola 29,200 za kwanza haziguswi, inabaki 18,800, kodi asilimia 10 yaani 1,880, na hapo watoto bado hatujawahesabu. Baba akifaili kivyake haziguswi 14,600 tu, inabaki 33,400, sehemu inaangukia kwenye asilimia 12, jumla 3,776. Karibu dola 1,900 hiyo, nauli ya kwenda kumuona bibi.

Waliofunga ndoa mwishoni mwa mwaka, inayoangaliwa ni tarehe 31 Desemba. Ukioa siku hiyo jioni, kwa IRS, wale watu wa kodi wa Marekani, wewe ulikuwa na mke tangu Januari.

Sasa niwaambie yangu. Ritani yetu ya kwanza mi niliisaini nikiwa nasonga ugali, mwiko mkono wa kulia, mzee kanishikia simu, "weka kidole hapa", nikaweka, kidole chenyewe kina unga. Sikusoma hata mstari. Kumbe mwenzangu wikiendi alikuwa anabeba abiria kwa apu, ile 1099, karatasi ya mapato yasiyo ya mshahara, ilikuja kwenye imeili akaisahau. Mwaka uliofuata ikaja barua ya IRS, CP2000, ile ya kusema mapato mliyoandika hayalingani na waliyonayo wao, jina langu na lake, tunadaiwa kodi na riba. Nikamwambia hiyo yako. Wapi! Jointi maana yake deni lote ni la kila mmoja, wanaweza kumdai yeyote wanayempata kirahisi, hata mkiachana, hata kama hakimu wa talaka kasema mume ndo alipe, hakimu hajawaambia IRS. Fomu ya kuomba usamehewe makosa ya mwenzio ipo, 8857, ila utaulizwa ulijua au ulipaswa kujua, na mtu anayelala na gari la abiria nje ya mlango anajibu nini?

Nyingine 8379, hii dada zangu ishikeni. Umeolewa na mtu anadaiwa matunzo ya mtoto wa zamani, refandi yenu, ile kodi mnayorudishiwa, inazuiwa yote, pamoja na pesa iliyokatwa kwenye mshahara wako. Hiyo fomu ndo inarudisha fungu lako.

Wale mke yuko Tabora anasubiri viza, acheni kujaza singo, umeoa wewe. Mnaweza kufaili pamoja, mnaambatanisha karatasi mmesaini wote wawili kwamba mmechagua ahesabiwe kama mkazi wa hapa, na kama hana soshal (namba ya Social Security) anaombewa ITIN, namba ya kodi ya wasio na soshal, kwa fomu W-7. Lakini hapo duka lake la vitenge na kodi ya chumba anachopangisha vinaingia kwenye hesabu pia, so mpigie kwanza muongee, usimshtukize kwa WhatsApp usiku wa manane.

Nani kauliza wake wawili? Haha, fomu ina nafasi ya mwenza mmoja kaka, shauri yako.

La mwisho, yule wa nyuma. Ukishafaili kivyako mna miaka 3 ya kubadili iwe jointi kwa 1040-X, fomu ya kurekebisha ritani, ila jointi ikishapita 15 Aprili, siku ya mwisho ya kufaili, hairudi kuwa mbalimbali. Ndio, hata kama mmenuniana. Haya, naona mfuniko umeshatoka, akina baba pangeni foleni huku.