Baada ya Kimbunga, Nani Aliuumiza Msitu?

NEEMA: Habari zenu wasikilizaji, karibuni tena. Leo ni upepo, miti na mafuta yatokanayo na mimea. Kaka Juma, tuanzie wapi?

JUMA: Tuanzie tarehe 21 Septemba 1938, dada Neema. Kimbunga kikubwa kiliipiga New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Kituo cha hali ya hewa cha Blue Hill, jirani na Boston, kilipima upepo wa kilomita 195 kwa saa, na dharuba moja ikafika 299. Zaidi ya watu 600 walikufa. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa kabla, ardhi imelowa chepechepe, mizizi haina pa kushika.

NEEMA: Misitu yote ikalala?

JUMA: Hapana, na hapo ndipo panaponoga. Upepo mkali ulitoka kusini mashariki. Miteremko iliyoelekea huko ilifyekwa, ya upande wa pili ikasalimika. Misonobari iliumia kuliko miti ya majani mapana, hasa ile iliyoota kwenye mashamba yaliyotelekezwa, yote ya rika moja.

NEEMA: Na serikali?

JUMA: Iliogopa moto. Ikaunda chombo maalumu cha kuokoa mbao, ikanunua magogo, mengi yakahifadhiwa kwenye mabwawa yasiliwe na wadudu. Matawi yakachomwa. Swali likaja baadaye: mabadiliko yaliyoonekana msituni na mitoni yalitokana na kimbunga, au na watu walioingia kusafisha?

NEEMA: Utatenganishaje mambo mawili yaliyotokea pamoja?

JUMA: Unaigiza kimbunga! Oktoba 1990, watafiti wa Harvard Forest, msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Petersham, Massachusetts, walichagua kipande cha msitu wa mialoni, chini kidogo ya hekta moja. Wakaweka winchi, yaani mashine ya kuvuta, nje ya kipande, wakafunga waya wa chuma kwenye shina, wakavuta mpaka mti ung'oke au uvunjike. Zaidi ya miti 200. Kisha wakaacha kila kitu palepale.

NEEMA: Mti mkubwa uking'oka hivyo unanyanyuka na udongo wake.

JUMA: Ndiyo, mizizi inasimama wima na udongo umeganda nayo, kando pana shimo. Lakini upande mmoja wa mizizi bado umo ardhini. Sasa sikiliza hili: baridi ilipokwisha, mingi ya miti iliyolala ilitoa majani. Imeanguka chini, na inatoa majani! Mingi ilikufa miaka iliyofuata, ila kufikia hapo machipukizi na miche iliyokuwa chini yake ilishashika nafasi. Kivuli kikarudi upesi, na mzunguko wa naitrojeni kwenye udongo haukutikisika sana.

NEEMA: Kumbe! Mtu akipita angeapa msitu umekufa.

JUMA: Ndiyo maana David Foster na David Orwig, watafiti wa hukohuko Harvard Forest, waliandika mwaka 2006 kwamba kutofanya lolote nako ni chaguo halali. Barabarani na kwenye nyaya za umeme gogo lazima liondoke, hilo halina mjadala. Lakini kuingiza mitambo mizito msituni kwa sababu tu panaonekana pachafu, mimi sikubaliani kabisa.

NEEMA: Hilo la kutibua ardhi bila kupima kwanza linanipeleka jimbo la Michigan, Marekani, kituo cha utafiti cha Kellogg Biological Station. Wanapima mazao ya nishati, yaani ya kutengenezea mafuta: mahindi, nyasi ndefu za kudumu, hata mbuga ya mimea ya asili iliyorejeshwa. Mwaka 2011 mtafiti Ilya Gelfand na wenzake walitoa hesabu ya nyasi zilizokaa miaka zaidi ya 20 bila kulimwa. Walizipulizia dawa ya kuua magugu, wakapanda soya bila kutifua. Majani na mizizi ikaoza, hewa ukaa ikatoka.

JUMA: Lakini si inafidiwa mtu akitumia mafuta ya mazao badala ya petroli?

NEEMA: Inafidiwa, polepole. Bila kutifua, walikadiria miaka 29 ukipanda mahindi na soya kwa zamu, na 40 ukipanda mahindi matupu. Ukitifua, inakuwa 89 na 123. Wakati nyasi zilezile ukizivuna juu tu, mizizi ukaiacha, unapata malighafi ya ethanoli, mafuta ya kuchanganya na petroli, bila deni hilo la hewa ukaa.

JUMA: Nasi Tanzania tulikuwa na mbono kaburi, mmea wa jatropha ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta.

NEEMA: Ee, miaka ya 2000, tukaambiwa unastawi popote. Kuota unaota, ila bila maji na rutuba hauzai mbegu za kutosha. Na ardhi inayoitwa tupu mara nyingi ni pori ambamo wanakijiji wanapata kuni, asali na dawa za miti shamba. Mimi nataka anayekuja na mradi wa namna hii apime kwanza kaboni ya udongo na kuwasikiliza wanaotumia pori hilo, kabla trekta halijawashwa.